Unga wa aina tisa wa mama mkwe nawamwagia kuku, naye anakuja mwisho wa mwezi

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, sasa ana miezi minane. Tunaishi Dodoma mjini, maeneo ya Nkuhungu, na ninauza kwenye duka la vifaa vya ofisi. Kwetu ni Bukoba. Mume wangu ni Mgogo wa upande wa Mvumi. Naomba jina langu lisitoke, mawifi zangu wanasoma hizi barua.

Mtoto alipotimiza miezi sita, mama mkwe alitutumia ndoo nzima ya unga wa lishe. Alimkabidhi dereva wa Noah, kisha akanipigia simu: "Mkwe wangu, nimeweka aina tisa humo. Sitaki mjukuu wangu akue na miguu kama fito." Nimezikariri zote: mahindi, ulezi, uwele, mtama, mchele, ngano, soya, karanga na dagaa. Nilifurahi, sikufichi. Huku mtaani akina mama tunatajiana idadi kama alama za mtihani. Huyu wa kwake una saba, yule wa kwake una kumi. Mwenye unga wa mahindi na karanga tu anaona aibu kuusema.

Wiki ya kwanza alikula vizuri. Baada ya hapo tumbo likaanza kujaa gesi, choo kikawa kigumu, vigololi kama vya mbuzi, anajikamua mpaka machozi yanamtoka. Nikadhani uji ni mzito, nikauzimua. Mimi naondoka saa moja asubuhi narudi saa kumi na mbili jioni, mchana anabaki na dada wa kazi. Kwa kijiko mtoto anatematema, na dada ana kazi nyingine, basi tukaamua anyweshwe kwa chupa. Chuchu ya chupa tuliipanua tundu kwa wembe ili uji upite. Anamaliza chupa mbili, siku nyingine tatu. Nikirudi nanyonyesha mpaka asubuhi.

Kliniki mambo hayako sawa. Miezi sita alikuwa na kilo 7.1, miezi saba kilo 7.2, na mwezi huu kilo 7.2 ileile. Kwenye kadi bado yuko kwenye kijani, lakini mstari umelala. Muuguzi akaniuliza ninampa nini. Nikajibu kwa kujiamini: uji wa lishe wa aina tisa. Akasema kwa sauti foleni nzima ikasikia, "Mama, unamlisha mtoto au unanenepesha ng'ombe?" Watu wakacheka. Akaniambia nafaka zimezidi, nitumie moja, akamwita mwingine.

Tangu siku hiyo ule unga nawamwagia kuku wangu wanne. Mtoto nimemnunulia nafaka ya kopo dukani, ambayo kopo moja halimalizi wiki na bei yake baba mtoto haijui. Mama mkwe anapiga kila Jumapili: "Unga unaendaje?" Mimi nasema anaupenda mno. Kwa kuwa anaupenda mno, ametuma ndoo ya pili. Na mwisho wa mwezi anakuja kukaa nasi wiki mbili. Dada wa kazi ni wa kijiji kimoja naye, mama mkwe ndiye aliyetuletea huyo dada.

Mume nilimdokeza. Akacheka: "Sisi tumekulia uji wa mama na tuko hivi tulivyo. Au wewe Mhaya unataka mwanangu ale ndizi tu?" Ni utani, najua, ila mimi sikucheka.

Nimwambie mama ukweli? Au nirudishe ule unga kidogo kidogo kabla hajafika, ili nisiwe mwongo? Na je, ni kweli nafaka nyingi zinamdhuru mtoto, wakati kila mtu anazisifia?

Mama wa Miezi Minane, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na mbukwenyi, kama wasalimiavyo Wagogo, kwa ukweni kwako kote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikaona habari ya unga. Mara ya pili nikaona ndoo hiyo ina mengi zaidi ya nafaka: kuna bibi anayemjali mjukuu asiyemwona kila siku, kuna mama aliyechekwa kwenye foleni, na kuna jibu la haraka la kwenye simu ambalo sasa limezaa ndoo ya pili. Unauliza useme au usiseme. Tutafika huko, ila naomba tuanze na mtoto, watu wazima watatusubiri.

Uliandika sentensi moja kama kitu kidogo, na mimi ndiyo iliyonisimamisha: tundu la chuchu lililopanuliwa kwa wembe. Hebu ufikirie huo uji wenyewe. Ili upite kwenye chuchu, hata iliyokatwa, lazima uwe mwepesi kama chai ya maziwa. Tumbo la mtoto wa kilo saba hubeba kama kikombe cha chai kwa mara moja, halizidi sana hapo. Ukijaza kikombe hicho kwa uji mwepesi, sehemu kubwa uliyomjaza ni maji. Ameshiba, kalala, dada kafurahi, na chupa imekwisha. Ila nguvu iliyoingia ni kidogo, na mstari kwenye kadi unalala. Hapo hata ungeweka nafaka ishirini ni yaleyale. Nami nina wasiwasi kwamba hata ile nafaka ya kopo, kama inapitia chupa ileile, inapata majaliwa yaleyale kwa bei kubwa zaidi. Halafu chupa ya uji ni ngumu kuisafisha, mabaki yanaganda kwenye chuchu, na joto la Dodoma unalijua.

Kwa hiyo kabla ya kuihukumu ndoo ningependa ujiulize: tuna uhakika gani kwamba unga ndio uliomsimamisha uzito? Huenda umechangia. Huenda pia ni uzimuaji, au ni idadi ya milo. Mtoto wa miezi sita hadi minane hupewa chakula mara mbili au tatu kwa siku juu ya maziwa ya mama, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, pamoja na kitu kidogo katikati kama tunda. Huenda pia ana kitu kingine ambacho mimi wa kwenye karatasi siwezi kukiona, kama malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa damu. Gramu mia moja tu katika miezi miwili si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki. Kama yule muuguzi amekutia uchungu, nenda kituo kingine, au uulize hospitali ya wilaya au ya mkoa kama utamwona afisa lishe. Na akipata homa, akiharisha, akikataa kunyonya au akalegea, mpeleke siku hiyohiyo.

Sasa muuguzi wako. Yale maneno ya ng'ombe hakupaswa kuyasema, na nakupa pole. Lakini ndani ya ganda lile kuna punje ya kweli ambayo hakukaa kukueleza. Wataalamu wa lishe wa hapa nchini wamekuwa wakilisema mara kwa mara: kurundika nafaka nyingi kwenye unga mmoja hakuongezi lishe kama tunavyodhani. Mahindi, mtama, mchele, ngano, uwele na ulezi vyote ni kundi moja la chakula. Ukiweka sita umerudia jambo moja mara sita, ingawa zinatofautiana kidogo: ulezi una kalsiamu nyingi kuliko wenzake, na uwele una madini ya chuma zaidi. Kinachohitajika pembeni ya nafaka ni kundi tofauti. Vikombe vitatu au vinne vya nafaka kwa kikombe kimoja cha karanga au mikunde, hiyo ndiyo hesabu iliyozoeleka.

Hili la gesi na choo kigumu nina swali ambalo ni mama mkwe tu anayeweza kulijibu: ile soya aliiandaaje? Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Huchemshwa kwanza, huondolewa maganda, hukaushwa na kukaangwa ndipo isagwe. Ikitupwa mashineni ikiwa mbichi pamoja na mahindi, unga hautaonyesha tofauti, tumbo ndilo litakaloonyesha. Hapo ndipo ubaya wa aina tisa ulipo kwa maoni yangu. Mtoto akisumbuka huwezi kujua ni ipi kati ya tisa. Ni soya? Ni dagaa? Ni ngano? Ukianza na kitu kimoja, ukaongeza kingine baada ya siku chache, mtoto mwenyewe anakwambia.

Na kuna jambo zito zaidi, nalo kwa mikoa yenu siwezi kulipita. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliua karibu watu 20 Dodoma na Manyara, wakiwemo watoto, na chakula kilichonyooshewa kidole ni mahindi yenye ukungu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi. Sumu hiyo haifi kwa kupika wala kwa kukaanga, na haionekani kwa macho kila mara. Punje iliyooza unaweza kuiona kwenye ungo ukaitoa. Ikishasagwa na wenzake wanane, imekwisha, hakuna wa kuitoa. Simwambii mtu kwamba unga wa mama mkwe wako una sumukuvu. Huenda amechambua punje moja moja kuliko mtu yeyote wa dukani. Ila hujui, na hujamuuliza. Na hapohapo niseme: kama sababu ya kuwapa kuku ni kwamba unga una uchungu au harufu ya ukungu, basi nao wasipewe, sumu hiyo inawadhuru vilevile. Kama sababu ni hasira ya foleni, hilo ni jambo lingine, na nimelielewa.

Halafu unga wenye karanga na dagaa haukai. Mafuta yake yanachacha, hasa ndani ya ndoo ya plastiki karibu na jiko. Ndoo nzima kwa mtoto mmoja ni miezi mingi.

Ngoja nikuulize kuhusu baba mtoto. Anasema amekulia uji wa mama. Sawa. Uji gani? Nimeishi Dodoma miaka minne, na wazee wa huko walionilisha sikuwahi kuwasikia wakitaja aina tisa. Nilikuta uwele, mtama, karanga za kutwanga, mlenda, maziwa palipokuwa na ng'ombe, ubuyu, na togwa ya kimea. Hizi ndoo za aina tisa ni mtindo wa mjini uliopanda basi kwenda kijijini, na nashuku mama mkwe wako aliiga ili mkwe wake wa mjini asione kapewa chakula cha kishamba. Naweza kuwa nimekosea. Lakini ikiwa ni hivyo, mnafichana kitu kilekile: kila mmoja anajikakamua kumpendeza mwenzake.

Na hiyo kimea niliyoitaja ni ya kuishika kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la chupa. Wanawake wa huko wanaijua kwa ajili ya togwa na pombe. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, vichipukizi vinapukuswa, unasagwa. Pika uji mzito wa kusimamisha kijiko. Epua, uache upoe kidogo, kisha tia kijiko cha chai cha unga wa kimea ukoroge. Ukiwa umesimama palepale utauona uji unalegea, kama umemwagia maji, na hujamwagia hata tone. Urudishe motoni uchemke kidogo. Sasa mtoto anakunywa kwa kikombe au kijiko uji laini wenye nguvu ya uji mzito. Kuchipua huko pia kunapunguza vile vitu kwenye nafaka vinavyozuia mwili kuchukua madini ya chuma. Ila kwa mtoto tumieni ulezi, msitumie mtama: machipukizi ya mtama yana sumu yake, na asiyejua kuyaondoa vizuri atamdhuru.

Juu ya uji wa namna hiyo, wa nafaka moja na karanga zilizochambuliwa, ndipo unaongeza: kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, siku nyingine kiini cha yai, siku nyingine dagaa waliosagwa au ini lililopondwa. Unga wa ubuyu kidogo una vitamini C, nayo husaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye nafaka. Chumvi na sukari hahitaji, asali asipewe kabisa mpaka avuke mwaka. Na ndizi za kwenu mpondee, utani wa baba mtoto usikuzuie. Umri wa miezi minane si wa uji peke yake. Viazi, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, mchicha uliokatwa laini, vyote ni vyake. Maziwa yako bado yanampa nusu ya nguvu anayohitaji au zaidi, kwa hiyo yale ya usiku usiyapunguze. Ukiweza kukamua asubuhi kabla ya kutoka, dada ampe kwa kikombe.

Dada wa kazi anahitaji mafunzo na muda, mwanangu. Kumlisha mtoto kwa kijiko ni nusu saa ya kukaa chini. Kama una orodha ya kufua, kupiga deki na kupika juu ya hiyo nusu saa, chupa itashinda kila siku. Fikiria ni kazi gani itapungua.

Sasa tufike kwa bibi. Umetaja njia mbili, kusema yote au kurudisha unga kimyakimya. Ya pili inakutuliza dhamiri, ila inamrudishia mtoto kitu usichokiamini, na hujajua soya iliandaliwaje. Na huyo dada ameona ndoo ikiishia bandani. Wiki mbili ni nyingi kwa siri inayojulikana na watu wawili, mmoja wao jirani wa bibi. Ya kwanza, kusema yote, nayo ina hatari yake. Ukianza na kuku na muuguzi, mama atasikia "chakula chako ni cha ng'ombe", na hapo hakuna kimea kitakacholegeza. Unaweza kumtanguliza mume, naye ni mwanawe. Lakini mume wako bado anadhani ni suala la ndizi. Mwonyeshe kadi. Mpe aishike mwenyewe, aufuate ule mstari kwa kidole, umwambie na bei ya kopo. Nadhani utani utapungua, ingawa unamjua wewe kuliko mimi.

Kuna njia ya katikati ambayo mimi naiona, na wewe utaipima. Kubali kosa dogo ambalo ni la kweli: "Mama, nilikuambia anaupenda, nikaogopa kukuumiza. Tumbo linamsumbua na uzito haupandi." Hayo ni maneno mawili matatu, na hayamtuhumu mtu. Kisha umpe kazi anayoiweza kuliko wewe na mimi. Aje na ulezi peke yake haujasagwa, karanga zikiwa na maganda yake, mkae kibarazani mzichambue pamoja. Akufundishe kimea. Hatari yake? Anaweza kununa siku mbili. Anaweza kukuuliza ndoo ziko wapi, na utahitaji jibu ambalo si la uongo. Anaweza pia kushikilia kwamba tisa ni bora, na hapo utahitaji mume aliyekwisha kuiona kadi.

Sijui ni lini utasema, wala kama utasema lote. Ila Jumapili atapiga. Akikuuliza unga unaendaje, unaweza kumrudishia swali hili kabla ya kujibu: "Mama, baba mtoto alipokuwa na miezi minane, ulikuwa unampikia nini?" Kisha uketi, umsikilize.